Faili ya Mtoto Wako Imetoka Wapi, na Inakwenda Wapi?

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama unasoma kijitabu hiki ukiwa kwenye foleni ya kliniki, basi umekisoma mahali panapofaa kabisa, kwa sababu leo tunazungumza juu ya ile karatasi uliyoishika mkononi.

Maswali unayajua. Ukifika kwenye zahanati unaulizwa jina la mtoto, umri wake, unatoka kijiji gani, alianza kuugua lini, na alipewa dawa gani mara ya mwisho. Ukitumwa kutoka hapo hadi hospitali kubwa, unaulizwa yale yale tena kama kwamba hakuna aliyewahi kumwona mtoto huyu. Unajaribu kukumbuka. Unasema ni ile dawa ya maji ya rangi ya pinki. Lakini dawa za watoto za rangi ya pinki ni nyingi, mama, na daktari hawezi kubahatisha. Basi mtoto anadungwa tena ili atolewe damu ya kipimo alichofanyiwa juzi, na wewe unalipa tena. Tusimlaumu daktari upesi. Habari za mtoto wako zipo, ila zimefungiwa ndani ya kabati la kituo ulichotoka, na kabati halipandi matatu.

Leo nataka tusimulie jinsi watu walivyohangaika kulifanya kabati hilo lisafiri. Ni historia yenye sehemu ya Marekani na sehemu ya Nigeria, lakini kipande chake kikubwa kilitokea hapa hapa kwetu, kati ya Nandi na Uasin Gishu.

Tuanze na kadi. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja Mwingereza wa watoto, David Morley, alikuwa akifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, magharibi mwa Nigeria. Watoto wengi walikuwa wakifa kwa surua, kuhara na utapiamlo. Morley alitengeneza kadi yenye mchoro wa uzani, mistari miwili iliyopinda kama barabara, na mtoto anayekua vizuri uzani wake hufuata njia hiyo. Wengi wenu mmeuona mchoro huo, kwa sababu kadi za namna hiyo zilienea katika nchi nyingi, yetu ikiwemo. Lakini jambo ambalo watu hulisahau ni hili: kadi ile haikuwekwa kabatini. Alipewa mama aende nayo nyumbani, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Wakati huo wakubwa wengi wa hospitali waliamini kuwa karatasi muhimu haiwezi kukabidhiwa mama wa kijijini. Morley aliona kuwa akina mama wanaitunza vizuri.

Kwa hiyo mfumo wa kwanza wa kupeleka habari za mtoto kutoka kituo kimoja hadi kingine ulikuwa mama mwenyewe. Ulikuwa wewe. Kadi iliyo mikononi mwako ndiyo iliyomwambia nesi wa Kisumu kile alichokifanya nesi wa Kapsabet. Na mpaka leo, kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinaendelea na kazi hiyo hiyo.

Kadi hata hivyo ina mipaka yake. Ikishika moto, imekwisha. Haiwezi kuwa na kila kipimo na kila dawa. Na haimwambii nesi kitu siku ambayo wewe hukuja. Kumbuka jambo hilo la mwisho, tutalirudia.

Sasa twende Marekani, katika mji wa Indianapolis. Mwaka 1972, daktari Clement McDonald na wenzake wa taasisi ya Regenstrief walianza kuweka rekodi za wagonjwa wa kisukari ndani ya kompyuta. Kompyuta za siku hizo zilikuwa mitambo mikubwa mno, si hizi za kubeba begani. McDonald alitaka kujua kama mashine inaweza kumkumbusha daktari mambo anayoyajua lakini anayasahau kwa sababu ya wingi wa wagonjwa. Mwaka 1976 alichapisha matokeo. Palipokuwa na jambo la kushughulikiwa, madaktari waliokumbushwa na kompyuta walilishughulikia mara 51 katika 100. Wasipokumbushwa, mara 22 tu. Na hao walikuwa madaktari wale wale, wenye elimu ile ile. Huu ni ukweli wa kumpa moyo mgonjwa na daktari pia: mara nyingi kinachokosekana si ujuzi, ni kumbukumbu, na binadamu aliyeona wagonjwa hamsini tangu asubuhi hawezi kukumbuka kila kitu.

Katika miaka ya 1990 watu hao hao wa Indianapolis waliongeza hatua nyingine. Waliunganisha hospitali ambazo kwa kawaida zilikuwa zikishindana, ili mgonjwa akifikishwa kwenye chumba cha dharura cha hospitali moja, daktari aweze kuona aliyofanyiwa katika hospitali nyingine. Huko ndiko kubadilishana rekodi kwa njia ya kompyuta. Je, kulipunguza gharama? Mwaka 2002 utafiti wao ulitolewa. Katika hospitali moja, malipo kwa kila mgonjwa wa dharura yalipungua kwa dola 26. Katika hospitali ya pili, hakukuwa na tofauti. Naueleza ukweli huu wote kwa makusudi, kwa sababu kuna watu wanaouza kompyuta ambao watakusomea ile nusu ya kwanza pekee.

Umeuliza, haya yanahusiana vipi na Nandi? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilikuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitembeleana. Wale wa Indiana walitoka katika mji ule ule wa McDonald, na waliona jinsi vituo vyetu vinavyoandika.

Ukipita barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet utafika Mosoriot. Hapo pana kituo cha afya cha mashambani, cha serikali, kinachofanana na vingine vingi unavyovijua. Mgonjwa akija, jina lake liliandikwa kwenye daftari la mapokezi. Kisha kwenye daftari la kliniki. Akipelekwa maabara, daftari la maabara. Akienda kuchukua dawa, daftari la dawa. Jina moja, vitabu vingi, na hakuna kitabu kinachojua cha mwenzake. Mama akirudi baada ya mwezi mmoja, kupata habari zake za mwezi uliopita ni sawa na kutafuta sindano kwenye nyasi. Na mwisho wa mwezi, wahudumu walikaa chini kuhesabu kwa mkono: malaria ngapi, kuhara ngapi, chanjo ngapi, ili ripoti iende makao makuu.

Mwezi wa Februari 2001, Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzake wa hapa na wa Indiana walianzisha mfumo wa kompyuta pale Mosoriot. Haukuwa wa kifahari. Programu yenyewe ilikuwa ile ya kawaida ya ofisini, inaitwa Access. Umeme ulikuwa ukipotea, kwa hiyo waliweka njia za akiba ili kompyuta zisizimike. Na hawakumlazimisha daktari kuandika kwenye kompyuta. Mgonjwa alipewa fomu moja ya karatasi iliyotembea naye kutoka chumba hadi chumba, na mwishoni karani akaingiza yaliyomo. Fomu moja ikachukua nafasi ya madaftari mengi. Mimi naona hiyo ndiyo ilikuwa akili yenyewe, hata kuliko kompyuta: waliuliza kwanza ni maandishi gani yanarudiwa bure.

Katika miezi 6 ya kwanza waliingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Watafiti walikuwa wamepima muda kabla ya mfumo na wakapima tena baadaye, wakimfuata mgonjwa kutoka langoni hadi anapoondoka. Muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38, ingawa kwa hesabu zao hili halikuwa na uhakika kamili. Muda ambao mgonjwa alikaa mbele ya wahudumu ulipungua kwa asilimia 58.

Najua kuna mama anayesema: ngoja kidogo, huo muda wa mwisho nilitaka uongezeke, si upungue! Una haki. Tukumbuke kwamba zamani sehemu ya muda huo ilikuwa ya mhudumu kuinamia daftari, akiandika jambo ambalo mwenzake wa chumba cha pili ataliandika tena. Lakini watafiti hao hao waliandika wazi kwamba wahudumu walipata pia muda mwingi zaidi wa mambo yao binafsi. Kompyuta inaweza kumrudishia nesi dakika zake. Haiwezi kumwamuru azitumie kukueleza jinsi ya kumpa mtoto dawa. Hapo ndipo wewe unapopaswa kuuliza, bila woga na kwa adabu: daktari, nieleze tena.

Mwaka huo huo wa 2001, pale Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kulianzishwa mpango wa AMPATH wa kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Mnakumbuka siku zile. Dawa zilikuwa adimu, na nyumba nyingi zilibaki na nyanya na wajukuu peke yao. Viongozi wa mpango huo, akiwemo Daktari Sylvester Kimaiyo wa Moi na Daktari Joe Mamlin wa Indiana, walijua jambo moja kuhusu dawa za kupunguza makali ya virusi: si dawa za siku tano. Ni za kila siku, maisha yote. Mtu akikosa miezi miwili na hakuna anayejua, virusi huzoea dawa na dawa hushindwa. Kwa hiyo rekodi hapa haikuwa kazi ya karani tu. Ilikuwa sehemu ya tiba.

Walianza na programu ndogo kama ile ya Mosoriot, na wagonjwa wakaongezeka kuliko programu ilivyoweza kubeba. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Indianapolis wanaojua kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja Eldoret, wakaona kwamba kurekebisha ya zamani hakutoshi. Wakishirikiana na wenzao waliokuwa na shida kama hiyo mahali pengine, walianza kujenga programu mpya iitwayo OpenMRS. Ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuichukua bila kulipa, akaibadilisha ifae kliniki yake. Mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Leo OpenMRS inatumika katika nchi nyingi za dunia. Kwa hiyo mtu akikuambia kompyuta za hospitali ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa kwetu, mwambie kuna moja iliyoanza kwa sababu ya foleni ya Eldoret.

Fomu za kliniki za mbali zilikuwa zikipelekwa Eldoret, makarani wanaziingiza, na rekodi zote zinakaa pamoja. Kufikia mwaka 2010 watu waliokuwa wameandikishwa katika mpango huo tangu uanze walikuwa zaidi ya 100,000. Jaribu kuwaza idadi hiyo ya faili za karatasi kwenye makabati.

Halafu ukaja mwisho wa mwaka 2007.

Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Desemba. Wengi wetu hatuhitaji kukumbushwa yaliyofuata, hasa walioishi Eldoret, Burnt Forest na vitongoji vyake. Watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukajaa mahema. Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo. Sasa mfikirie mama aliyekuwa akimpa mtoto wake dawa hizo asubuhi na jioni. Nyumba imeteketea, na kadi na dawa zimeteketea ndani yake. Yuko kambini, au amekimbilia kwa dada yake wilaya nyingine, au yuko katika lori linalokwenda asikokujua. Anaogopa kurudi kliniki yake ya zamani kwa sababu iko upande wa pili wa kizuizi. Na anaogopa kueleza mbele ya wageni hemani kwa nini anahitaji dawa.

Ni hapa nilipotaka tufike. Mfumo uliotegemea kadi pekee ungekuwa umeungua pamoja na nyumba. Lakini kule Eldoret rekodi zilikuwepo bado. Kompyuta iliweza kufanya kile ambacho kadi haiwezi, ile tuliyosema tutairudia: kuwataja wale ambao hawakuja. Iliweza kutoa orodha ya waliopaswa kurudi kliniki wiki hii na hawajaonekana. Wahudumu walikwenda kambini. Ilitolewa nambari ya simu ya kupiga. Na redio, naam, redio kama hii unayoisikiliza, zikatangaza kwamba mgonjwa aende kliniki yoyote iliyo karibu atapewa dawa. Mgonjwa aliyefika kituo kipya akiwa mikono mitupu aliweza kutafutwa, ikajulikana alikuwa akitumia dawa zipi.

Baadaye watafiti walitumia rekodi hizo hizo kuangalia kilichowapata watoto. Waliona kwamba idadi kubwa sana ya watoto walikuwa wamerudi kliniki katika miezi michache iliyofuata. Wapo ambao hawakurudi. Hatuwezi kusema kompyuta ndiyo iliyowaokoa waliorudi, maana kulikuwa na manesi waliotembea kwa miguu penye hatari, na majirani wa kabila jingine waliowaficha watu chini ya vitanda vyao. Lakini nesi anayetembea bila orodha hajui amtafute nani.

Sasa rudi kwa yule daktari McDonald na makumbusho yake. Swali lake la mwaka 1976 liliulizwa tena Eldoret, safari hii kwa watoto. Katika kliniki ya watoto wenye virusi, kompyuta ilisoma faili na kuchapisha karatasi ya muhtasari: mtoto huyu amepitwa na kipimo fulani, mtoto huyu hajapigwa picha ya kifua. Nusu ya watoto makumbusho yao yalipewa mhudumu, nusu nyingine hayakutolewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kazi zilizochelewa zilikamilishwa kwa asilimia 68 pale palipokuwa na makumbusho, na kwa asilimia 18 pale pasipokuwa nayo. Sijui unaiona vipi tofauti hiyo, lakini kwangu mimi, kati ya 18 na 68 wamesimama watoto.

Na kuna jambo linalowahusu zaidi wale mliojifungua mkiwa na virusi. Mtoto wako hupimwa akiwa na umri wa wiki chache, na damu yake hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kutumwa maabara ya mbali. Zamani majibu yalikaa sana njiani, au yalifika kituoni na mama akawa hajui kwamba yamefika. Kulijaribiwa mfumo wa mtandao hapa Kenya katika hospitali 6 za serikali, unaomkumbusha mhudumu kila hatua na kumtumia mama ujumbe kwenye simu. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba penye mfumo huo, watoto 85 katika 100 walipata huduma zote zilizotakiwa. Penye utaratibu wa kawaida walikuwa 60. Mtoto mwenye virusi asipoanza dawa mapema yuko hatarini sana katika miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo wiki zinazopotea njiani si wiki za bure.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 2011 ripoti za kila mwezi za vituo vya afya nchini zilianza kupelekwa kwa mtandao, kupitia mfumo uitwao DHIS2, badala ya karatasi kusafirishwa kutoka wilaya hadi Nairobi. Mwaka 2012 ikatengenezwa KenyaEMR, juu ya msingi ule ule wa OpenMRS, ikaingia katika mamia ya vituo, hasa vya kutibu virusi. Oktoba 2023 Rais alitia sahihi Sheria ya Afya Dijitali, inayotaka mifumo ya hospitali iweze kuzungumza, yaani rekodi ziweze kukufuata. Sheria hiyo na nyingine mbili zilifika kortini: Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema zinakwenda kinyume cha Katiba, na Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mambo ya sheria tuwaachie mawakili. Lakini usishangae unapoona kituo kimoja kina kompyuta inayojua jina lako, na cha jirani bado kinapiga mistari daftarini.

Kuna tatizo moja ambalo hakuna kompyuta italitatua bila wewe, nalo ni majina. Tuchukue mfano. Mtoto amezaliwa hospitalini na kuandikwa "mtoto wa Chebet". Kwenye chanjo ya kwanza anaitwa Kiprono. Akibatizwa ni Brian. Baba yake anapompeleka hospitali anamwandika Brian Kiprono Koech, na nyanya akimpeleka zahanati anamtaja kwa jina la kurithi la babu. Kwenu nyumbani huyo ni mtoto mmoja. Kwenye kompyuta ni watoto wanne, na kila mmoja ana robo ya chanjo! Nesi atafungua faili ya "Brian" asione chanjo ya surua ya miezi 9, ingawa ilishatolewa kwa "Kiprono". Au litokee baya zaidi: watoto wawili wa majina sawa kutoka kijiji kimoja, na dawa inayomdhuru mmoja ikaandikwa kwenye faili ya mwenzake.

Ndiyo maana mifumo hii humpa kila mtu nambari. Nyingine zina tarakimu ya mwisho ambayo ni ya ulinzi: karani akikosea tarakimu moja, hesabu haitimii na kompyuta inakataa. Basi chagua majina ya mtoto utakayoyatumia kliniki, yaandike juu ya kijitabu, na uwaambie wote wanaoweza kumpeleka, hata dada wa kazi. Tarehe ya kuzaliwa iwe moja, isiwe "wakati wa mvua". Ukibadilisha laini ya simu, sema. Ujumbe wa kukumbusha ukienda kwa nambari uliyoitupa, umemkumbusha mtu mwingine.

Na siri je? Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na ni halali. Faili ya karatasi huonekana na walio chumbani. Rekodi iliyo mtandaoni inaweza kuonwa na mtu usiyemjua, mahali usipopajua. Mama mmoja aliniuliza, "Na kama karani ni shemeji yangu?" Sikucheka, maana katika miji yetu midogo hilo linawezekana kabisa. Sheria yetu ya virusi vya UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kutoa majibu ya mtu bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa za siri zaidi kuliko za kawaida. Inakupa haki ya kuelezwa zinatumiwa vipi, kuziona, na kutaka makosa yasahihishwe. Mfumo mzuri humtaka kila mhudumu aingie kwa nenosiri lake mwenyewe na huweka alama ya nani alifungua faili gani. Kituo ambacho wahudumu wote wanatumia nenosiri moja lililobandikwa ukutani kimeshajivua ulinzi huo. Ukiliona, una haki ya kuuliza kwa mkubwa wa kituo.

Nimalizie historia kwa jambo la karibuni. Wale waandishi wa Mosoriot walisema tangu mwanzo kwamba mfumo utadumu ikiwa Wakenya wenyewe wataugharamia na kuuendesha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya virusi iliyoitegemea ikaambiwa iache kazi. Katika miradi ya aina hiyo ndiko walikolipwa makarani wengi wa kuingiza rekodi. Kompyuta inaweza kubaki mezani na mtu wa kuitumia akawa ameenda nyumbani. Katika bajeti za kaunti, dawa na ambulansi hupigiwa kelele, na ni sawa, lakini mshahara wa karani wa rekodi hausemewi na mtu. Kukiwa na kikao cha wananchi cha bajeti mahali pako, hilo pia ni la kuuliza.

Tumepokea swali ambalo huja kila tunapozungumza mambo haya: je, nikiandikwa kwenye kompyuta, nitupe kijitabu? Hapana, mama. Mtandao hukatika, na zahanati utakayoikimbilia usiku huenda haijaunganishwa. Kiweke ndani ya plastiki, mbali na watoto wenye kalamu. Kama una simu yenye kamera, piga picha kurasa za chanjo na za uzani, na za dawa zinazomdhuru mtoto kama zipo. Na kama kijitabu kimepotea, usikae nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Nenda kituo ulichochanjia, utaje mwezi uliokwenda na majina yote aliyowahi kuandikwa, nao watatafuta kwenye daftari au kwenye kompyuta na kukuandikia kingine.

Juma lijalo, siku na saa kama hii, tutakuwa na nesi wa kliniki ya watoto atakayetusomea ule mchoro wa uzani, mstari kwa mstari. Uwe na kijitabu chako karibu, na kalamu.